Maswali ya Wasomaji: Maji ya Moto Garini Bila Umeme

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi na mume wangu ni walimu hapa Mafinga. Tumetoa viti vya nyuma vya Noah yetu, seremala ametupigia kitanda cha mbao chenye droo chini, na likizo ya Juni tunataka kuzunguka Njombe na Makete hadi hifadhi ya Kitulo pamoja na binti yetu wa miaka mitatu. Tuna mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake, madumu mawili ya lita 20 na ndoo. Umeme hatuna, isipokuwa betri ya gari. Fundi mmoja anatushauri tununue inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na hita ya kuchovya kwenye ndoo. Mwingine anasema tubebe jiko la mkaa, usiku litupashie joto sisi na maji kwa pamoja. Mtoto hawezi kuoga maji ya baridi ya kule. Tufanyeje?
*Mwalimu, Mafinga*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na jiko la mkaa, maana hilo mkilikosea hayo mengine hayatakuwa na kazi. Lisiingie ndani ya gari likiwa na moto. Hata mkiacha kioo wazi kidogo, hata mkaa ukiwa umebaki makaa mekundu yasiyotoa moshi. Makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayowaponza watu, kwa sababu hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na wengi hawaamki. Nimepika miaka mingi katika kambi za safari kaskazini, na kule ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,000 juu, usiku wa Julai meno hugongana. Tuliwahi kumtoa dereva mwenzetu hemani akiwa hajitambui, jiko la mkaa liko miguuni pake. Alipona kwa kuwa mwenzake aliamka kwenda haja akamkuta anakoroma vibaya. Noah ni ndogo kuliko hema lile, na ninyi mna mtoto. Fundi aliyewashauri hivyo msimsikilize.

Jiko la gesi nalo lisiwashwe ndani ya gari lililofungwa. Linakula hewa ile ile mnayoivuta, na likikosa hewa ya kutosha linatoa sumu ile ile. Juu ya hapo, mvuke wa maji yanayochemka utalowesha godoro na nguo, nanyi Kitulo hamtapata pa kuzianika. Pikeni nje, au chini ya mlango wa nyuma ukiwa umeinuliwa, upande usio na upepo. Baridi ya usiku inatibiwa kwa blanketi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa ndani ya kitambaa.

Sasa inveta. Hesabu yake mtaielewa kwa sababu mnanunua LUKU. Kupasha lita 10 za maji kutoka nyuzijoto 15 hadi 40, ambayo ndiyo ndoo moja ya mtu mzima kuoga vizuri, kunahitaji karibu uniti 0.3. Nyumbani ni kidogo sana. Lakini betri ya Noah, tuseme ni ya Ah 60 (kipimo cha umeme unaobebwa na betri), ikiwa imejaa kabisa ina uniti 0.7 tu, na betri za kuwashia gari hazikutengenezwa kunyonywa hata nusu. Ndoo moja jioni, asubuhi gari haliwaki, na Makete wa kuwasukuma mtamtafuta. Fedha ya inveta nunueni vitu vitakavyowafaa.

Vitu hivyo ni birika la lita 4 lenye kifuniko kinachokaa sawasawa, na chupa mbili kubwa za chai za lita 3, zile za kwenye sherehe. Basi. Kinachobaki ni namna ya kuvitumia.

Watu wengi wakitaka maji ya kuoga wanabandika sufuria kubwa ya lita 10 na kungoja yote yapate moto. Hakuna haja. Hakuna anayeoga maji yanayochemka, kwa hiyo chemsheni sehemu tu, kisha changanyeni. Mafinga, maji yakiwa na nyuzijoto 15 hivi, lita 3 zilizochemka zikimiminwa kwenye lita 7 za baridi zinatoa ndoo ya nyuzijoto 38 hadi 40, joto zuri la kuoga. Kitulo ni karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Huko maji yanachemkia kwenye nyuzijoto 91 hivi badala ya 100, na ya kwenye dumu asubuhi yanaweza kuwa chini ya 10, kwa hiyo mtahitaji karibu lita 4. Mnachopata ni ndoo ile ile, lakini mnabandika birika moja tu, linachemka upesi, na sufuria zenu zinabaki huru kwa ugali.

Gesi haitawaisha kwa ajili ya kuoga. Kwa jiko la kawaida, ambalo nusu ya moto wake inapotelea pembeni, ndoo moja hiyo inakula kama gramu 50 za gesi. Mtungi wa kilo 6 ungetoa ndoo zaidi ya 100 kama msingepika kitu kingine chochote. Adui wenu ni upepo. Pigeni kizuizi cha bati upande unaotoka upepo, lakini upande huo mmoja tu. Kwa kuwa jiko lenu linakaa juu ya mtungi wenyewe, msiuzungushie bati pande zote: joto linarudi kwenye mtungi, na mtungi wa gesi ukipata moto ni hatari kubwa. Asubuhi ya sakitu, ule umande ulioganda, mkiona moto umekuwa hafifu, ni baridi inayopunguza nguvu ya gesi ndani. Msiumiminie mtungi maji ya moto wala msiusogeze karibu na moto. Usiku uacheni umesimama mahali pasipofikiwa na upepo, ufunikeni gunia, na jua likitoka utarudi hali yake. Kama mna tabia ya kubeba vikopo vidogo vya gesi, vile vyenye gesi ya butani, mjue vinashindwa kabisa maji yakikaribia kuganda.

Chupa za chai ndizo zitakazowapa raha ya asubuhi. Jioni, mkishapika, moto ukiwa bado unawaka, chemsheni birika mara mbili, maana moja halijazi chupa zote mbili. Kwanza suuzeni chupa kwa maji ya moto kidogo, zungusheni, mwageni. Ukimimina maji yanayochemka kwenye chupa iliyolala kwenye baridi, chupa yenyewe inameza joto kabla hujafunga kifuniko. Kisha jazeni hadi juu, maana nafasi ya hewa nayo inapoza. Fungeni, zivisheni kanga au sweta, zilale katikati ya vitu. Alfajiri maji yatakuwa yameshuka, tuseme yako kwenye nyuzijoto 70. Lita 5 za hayo na lita 5 za baridi ni ndoo moja ya kuoga, bila kuwasha jiko mkiwa bado mnatetemeka. Inabaki lita moja ya kunawa uso na kumpanguza mtoto. Kama chupa zenu ni za kioo ndani, barabara ya Makete itazivunja msipozifunga vizuri. Za chuma ni bora zaidi.

Msiokuwa na chupa ya pili, kuna kikapu. Chukueni kikapu cha ukindu chenye kina, kijazeni sufi chini na pembeni, katikati acheni nafasi ya sufuria au birika lisilo na mkono mrefu. Juu pawekwe mto wa sufi. Kwenye kikapu kilichoshindiliwa vizuri, sufuria ya lita 5 iliyochemshwa saa mbili usiku hukutwa bado ina joto zuri alfajiri, na mchana kikapu hicho hicho kinamalizia kuivisha maharage mkiwa barabarani. Sufi ikipungua, nguo kuukuu zinafaa.

Kuhusu mtoto nisikilize vizuri. Ndoo ya mtoto inaanza na maji ya baridi, kisha ya moto yanaongezwa, kamwe si kinyume chake. Mtoto wa miaka mitatu anaruka kwenye beseni pindi tu analiona. Maji ya nyuzijoto 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto ni nyororo zaidi. Korogeni kwa mkono hadi chini, pimeni kwa kiwiko, halafu ndipo aingie. Na birika lenye maji ya moto lisikae kitandani wala kwenye ukingo wa droo, hata kwa dakika moja.

La mwisho: maji ya kunywa. Kwa kuwa huko juu yanachemkia joto dogo, yaacheni yatokote dakika 3 ndipo muyaepue. Na mkifika Kitulo Juni msitafute yale maua yanayoifanya iitwe Bustani ya Mungu. Hayo yanachanua msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Juni mtapata nyasi za dhahabu, anga safi na sakitu, na mimi binafsi naipenda zaidi hivyo. Kuni msiokote ndani ya hifadhi, hairuhusiwi. Ndiyo sababu nawasihi mtegemee gesi.

SWALI: Mama, salamu kutoka Nanyuki. Nina HiAce niliyoigeuza nyumba, nazunguka nayo nikipiga picha za harusi na za wanyama. Nimeona wenzangu wameweka bomba jeusi kwenye paa la gari, jua linapasha maji, jioni wanaoga. Inafanya kazi kweli, au ni mapambo? Niweke bomba la ukubwa gani?
*Mpiga picha, Nanyuki*

JIBU: Inafanya kazi, kijana wangu, na wewe uliyekaa karibu kabisa na mstari wa ikweta una jua la kutosha. Lakini lazima ujue saa zake.

Bomba la inchi 4 linabeba karibu lita 8 kwa kila mita. Mita mbili zinakupa kama lita 16, ambazo ni kuoga watu wawili wasiochezea maji. Zaidi ya hapo usiende bila kufikiria: lita 16 ni kilo 16 juu ya paa, ukijumlisha bomba na vyuma vya kulishikia, na gari refu likibeba uzito juu linayumba kwenye kona. Bomba la kijivu la maji taka lipake rangi nyeusi isiyong'aa, au tafuta lile jeusi zito. Mwisho mmoja weka kifuniko cha kufungua kwa ajili ya kujaza, mwisho wa pili koki na mpira wa kuogea. Mwisho wenye koki uwe nyuma na chini kidogo kuliko wa mbele, maji yashuke yenyewe.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi: toboa tundu dogo la hewa karibu na kifuniko, upande wa juu kabisa. Maji yakipata moto yanatanuka. Bomba lililozibwa pande zote litapasuka kwenye maungio, na bila hewa kuingia maji hayatashuka vizuri hata ukifungua koki. Nimewaona vijana wakilijaza upepo kwa pampu ya tairi ili maji yatoke kwa kasi. Bomba la maji taka halikutengenezwa kwa shinikizo hilo, na likiwa limelainishwa na jua linaweza kupasuka usoni kwako. Acha mvuto wa ardhi ufanye kazi yake. Paa la HiAce lina kimo cha kutosha kuogea ukiwa umechuchumaa au umesimama chini ya mlango wa nyuma.

Siku ya jua safi, gari likiwa limeegeshwa kuanzia saa nne asubuhi, utakuwa na maji ya kuogea kufikia saa tisa alasiri. Ukiwa unaendesha, upepo unayapoza. Tegemea nusu ya joto hilo. Na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa: wanasubiri waoge saa mbili usiku, wanakuta maji yamerudi baridi. Nanyuki, anga ikiwa wazi na Mlima Kenya pale pembeni, joto linaondoka jua likizama tu. Kwa hiyo oga saa kumi, au saa kumi na moja yamimine kwenye dumu na ulitie kwenye kikapu cha sufi nilichomweleza mwalimu wa Mafinga. Maji hayo usiyanywe wala usiyapikie. Na usiyaache bombani wiki nzima yakiwa vuguvugu. Vijidudu vinapenda maji ya joto la namna hiyo. Yamwage, jaza mapya.

Siku za mawingu usihangaike na paa. Chukua dumu jeusi la lita 5, liweke juu ya dashibodi nyuma ya kioo cha mbele, funga vioo vyote. Gari lililofungwa linashika joto kuliko unavyofikiri, na hapo hakuna upepo wa kulipokonya dumu lako.

SWALI: Mimi ni dereva wa watalii, Arusha. Nalala kwenye gari siku nyingi. Wazee wa kazi walikuwa wanafungua rejeta na kuchota maji ya moto ya kunawa. Wengine wanazungusha bomba la shaba kwenye ekzosi. Kuna njia nzuri ya kutumia joto la injini?
*Dereva, Arusha*

JIBU: Ipo, na kwa mtu anayeendesha kila siku kama wewe ndiyo njia bora kuliko zote, kwa sababu joto hilo ushalilipia kwenye dizeli. Lakini si hizo mbili ulizotaja.

Maji ya rejeta yana kulanti, dawa ya kupoza injini, na kulanti nyingi ni sumu. Ina ladha tamu, ndiyo maana hata mbwa wanaikimbilia na kufa. Usinawie, usioshee vyombo. Na rejeta ikifunguliwa ingali moto, maji yaliyobanwa yanaruka yakiwa zaidi ya nyuzijoto 100. Mikono na nyuso za makenika wengi zina alama za hilo. Ekzosi nayo inapata moto mno, haina kipimo: maji yakikwama ndani ya bomba la shaba yanageuka mvuke na bomba linapasuka.

Njia sahihi ni tangi dogo la chuma kisichoshika kutu, lita 10 au 15, lenye koili ya shaba ndani, yaani bomba jembamba lililozungushwa. Mipira ile inayopeleka maji ya moto kwenye hita ya kabini, ambayo magari mengi yaliyotoka Japani yanayo hata kama hatuitumii, inakatwa na kupitishwa kwenye koili hiyo. Kulanti inazunguka ndani ya koili, maji yako ya kuoga yako nje ya koili, na havikutani. Pampu ya injini yenyewe ndiyo inayosukuma, kwa hiyo hakuna umeme wowote wa ziada. Injini ikishafika nyuzijoto 80 au 90, mwendo wa saa moja unatosha kulifanya tangi liwe moto wa kuunguza. Livishe godoro la povu zito au blanketi nene, na litabaki na joto hadi usiku.

Mambo mawili usiyafanyie ubahili. Tangi liwe na valvu ya kupunguza shinikizo. Na klipu za mipira ziwe za kukaza kwa bisibisi, zikaguliwe mara kwa mara, kwa maana mpira ukichomoka katikati ya Serengeti kulanti yote inamwagika na injini inachemka. Usimpe kazi hii fundi anayejifunzia kwenye gari lako. Muulize alishawahi kufunga wapi, ukaone.

Ukiwa unakaa kambini siku tatu bila kuwasha gari, njia hii haikusaidii, na kuwasha injini saa nzima ili uoge ni kuwakera wageni na wanyama. Siku hizo rudi kwenye birika. Au mtafute fundi bati akutengenezee birika lenye bomba la moshi katikati, umbo lile lile la samawari za chai: vijiti vya unene wa kidole vinawaka ndani ya bomba, maji yanalizunguka pande zote, na lita moja na nusu inachemka kwa dakika chache hata kwenye upepo. Hilo litumie nje ya hifadhi, panaporuhusiwa moto. Na usiliwashe likiwa na kizibo mdomoni.

SWALI: Naomba jibu fupi. Tuko wasichana wawili wa chuo, tuna gari dogo la mizigo, Suzuki Carry, tumelifunga turubai nyuma tunalala humo. Maji ya moto tunapata kwa jiko la gesi, lakini kuoga kwa kopo tunamaliza ndoo nzima. Bomba la kupulizia dawa mimea linafaa kuogea?
*Wawili wa Morogoro*

JIBU: Linafaa sana, mabinti zangu, na ni jambo zuri mliloliwaza. Liwe jipya kutoka dukani, mlione likifunguliwa kwenye nailoni yake. Lililowahi kuguswa na dawa ya mimea halifai hata lioshwe kwa sabuni mara ngapi. Plastiki inashika sumu, na mtajimwagia kichwani na machoni. Siku ile ile ya kulinunua, liandikeni kwa rangi kubwa KUOGEA, asije mjomba akaliazima shambani.

Chukueni la lita 5. Maji yachanganyeni kwenye ndoo kwanza, yakiwa kwenye joto la kuoga ndipo myamimine. Maji yanayochemka yanalegeza plastiki na mpira wa ndani, na ukishapampu upepo juu yake linaweza kupasuka. Ile ncha inayotoa ukungu mwembamba ing'oeni, fungeni kichwa kidogo cha bafu, vinginevyo maji yanapoa hewani kabla hayajafika mwilini. Loweni, fungeni, jipakeni sabuni, fungueni. Lita 5 zinamtosha mtu mmoja, na mwenye nywele fupi atabakiza ya kunawa miguu.

Mkimaliza toeni upepo wote kabla ya kufungua kifuniko, kisha liacheni wazi lining'inie likiwa limepinduliwa hadi likauke. Mpira wa pampu ukianza kukwama, upakeni mafuta ya nazi kidogo.